Maneno ya Mahakamani: Somo Kutokana na Kesi ya Shamba la Muleba

Ndugu msomaji, sasa unajua kusoma. Unasoma barua ya mwanao, unasoma risiti ya kahawa, unasoma jina la dawa. Lakini siku moja karatasi yenye mhuri wa mahakama inaweza kuletwa nyumbani kwako. Utaisoma neno kwa neno, na bado usijue inataka nini. Maneno yake ni ya Kiswahili, lakini yana maana yake ya pekee. Mdai. Mdaiwa. Wito. Rufaa. Batili.

Watu wengi wamepoteza vibanja vyao kwa sababu hii. Haki walikuwa nayo. Walichokosa ni kujua maana ya neno moja. Mtu haelewi neno "rufaa", anakaa kimya siku thelathini, na siku ya thelathini na moja anaambiwa kwamba amechelewa.

Katika somo hili tutajifunza maneno hayo. Hatutayakariri kama kasuku. Tutafuata kesi moja ya kweli, iliyotokea hapa kwetu mkoani Kagera, tangu ilipoanza hadi ilipokwisha. Kila tutakapokutana na neno gumu tutasimama, tulieleze, kisha tuendelee.

1. HABARI YA SHAMBA

Ukitoka Rwamishenye ukashika barabara ya kusini, utafika Muleba. Katika wilaya hiyo ya Muleba aliishi mama mmoja, jina lake Holaria Pastory. Baba yake alimwachia shamba kwa wosia. Shamba hilo lilikuwa ardhi ya ukoo.

Wewe msomaji wa Buhaya unajua ardhi ya ukoo ni kitu gani. Ni kibanja chenye migomba na mibuni iliyopandwa na mababu. Mara nyingi makaburi yao yamo humo humo. Kwa mila, kibanja kama hicho hakitoki kwenda kwa mtu wa nje hivi hivi.

Bibi Holaria alizeeka. Aliona nguvu zinamwishia na hana mtu wa kumtunza. Basi tarehe 24 Agosti 1988 aliuza shamba lile kwa shilingi 300,000. Aliyelinunua hakuwa mtu wa ukoo.

Kesho yake, tarehe 25 Agosti 1988, Bernardo Ephrahim alikwenda kushtaki. Bibi Holaria alikuwa shangazi yake. Alifungua shauri katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha. Alisema kwamba kwa mila ya Kihaya mwanamke hana uwezo wa kuuza ardhi ya ukoo. Aliiomba mahakama itamke kwamba mauzo yale si kitu.

Hapo kesi ikaanza. Na hapo maneno ya mahakama yakaanza.

2. MDAI NA MDAIWA

Mtu anayepeleka shauri la madai mahakamani anaitwa MDAI. Mtu anayeshtakiwa katika shauri hilo anaitwa MDAIWA. Kule Kashasha, Bernardo alikuwa mdai na Bibi Holaria alikuwa mdaiwa.

Angalia vizuri. Neno "mdaiwa" halina maana kwamba mtu huyo amekopa fedha. Bibi Holaria hakukopa kitu kwa Bernardo. Mdaiwa ni mtu ambaye mwenzake anadai jambo kwake. Jambo hilo laweza kuwa fedha, shamba, mpaka, ng'ombe au matunzo ya mtoto.

Mahakama ina kesi za namna mbili. Tusizichanganye.

Ya kwanza ni KESI YA MADAI. Ni ugomvi wa haki kati ya mtu na mtu. Anayeshindwa hafungwi kwa sababu tu ya kushindwa. Ataamriwa alipe, arudishe au aache jambo fulani.

Ya pili ni KESI YA JINAI. Ni kesi ya kosa, kama wizi au kumpiga mtu. Hapo aliyeshtakiwa huitwa MSHTAKIWA. Akionekana ana hatia, anaweza kutozwa faini au kufungwa.

Katika kesi ya jinai utasikia pia neno DHAMANA. Dhamana ni ahadi. Mshtakiwa anaahidi kwamba akiachwa aende nyumbani, atarudi siku ya kesi. Mtu anayesimama na kumwahidia huitwa MDHAMINI. Yako makosa machache makubwa ambayo hayana dhamana. Lakini kumbuka: kupewa dhamana si kununua uhuru. Ukidaiwa fedha ili upewe dhamana, uliza fedha hizo ni za nini, na uombe stakabadhi.

3. WITO

Mahakama haiwezi kuhukumu jambo la mtu bila kumwita aseme. Karatasi ya kumwita huitwa WITO. Wengine huiita samansi. Wito mara nyingi una mambo haya:

Jina la mahakama.
Namba ya shauri na mwaka wake.
Jina la mdai na jina la mdaiwa.
Tarehe na saa ya kufika.
Sahihi ya hakimu au karani, pamoja na mhuri.

Ukipewa wito utaombwa utie sahihi au dole gumba. Watu wengine hukataa. Hudhani kwamba kutia sahihi ni kukubali deni. Sivyo. Sahihi yako katika wito inasema jambo moja tu: "Nimepata habari." Ukikataa, hujaizuia kesi. Inaweza kuendelea bila wewe.

Mdaiwa asipofika bila sababu ya maana, mahakama inaweza kusikiliza UPANDE MMOJA. Maana yake, mdai atasema peke yake, na hukumu inaweza kutolewa kwa maneno yake peke yake. Kwa hiyo fika. Ukiwa mgonjwa, mtume mtu mapema na cheti cha daktari. Hukumu ya upande mmoja ikishatolewa, unaweza kuiomba mahakama iiondoe ukieleza sababu ya kutofika. Lakini hiyo ni kazi ya pili, na ni ngumu kuliko ile ya kufika.

Ukiisoma karatasi, anza na namba ya shauri. Iandike katika daftari lako. Karani akikuuliza, utamtajia namba hiyo. Kwa jina lako peke yake atahangaika, maana majina hufanana. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Hata kesi ni hivyo hivyo.

4. KUTAJWA NA KUSIKILIZWA

Mwananchi anafunga safari, anafika mahakamani na mashahidi wake wanne. Kila mmoja amemlipia nauli. Kisha anaambiwa, "Leo kesi ilikuwa ya kutajwa tu." Anarudi nyumbani na hasira. Hasira hiyo ingeepukwa kwa kujua maneno mawili.

KUTAJWA ni siku ya kutazama kesi imefikia wapi. Wahusika wanafika, lakini ushahidi hautolewi. Siku hiyo huna haja ya kuleta mashahidi.

KUSIKILIZWA ni siku ya kutoa ushahidi. Siku hiyo leta mashahidi wako na karatasi zako zote.

KUAHIRISHA ni kusogeza kesi hadi siku nyingine. Kesi ikiahirishwa, usiondoke kabla hujaandika tarehe mpya. Muulize karani hivi: "Siku hiyo itakuwa ya kutajwa au ya kusikilizwa?"

5. USHAHIDI

USHAHIDI ni jambo lolote linaloisaidia mahakama kujua ukweli. SHAHIDI ni mtu aliyeona, aliyesikia au anayelijua jambo lenyewe. KIELELEZO ni kitu kinachotolewa mahakamani kuwa ushahidi, kama vile wosia, hati ya mauzo au stakabadhi.

Kabla ya kusema, shahidi huapa. KIAPO ni ahadi mbele ya mahakama kwamba utasema kweli. Ukisema uongo baada ya kuapa, hilo lenyewe ni kosa la jinai. HATI YA KIAPO ni maelezo yaliyoandikwa kwenye karatasi, na mwenye maelezo akaapa kwamba ni ya kweli. Usitie sahihi katika hati ya kiapo kabla hujaisoma yote. Kama hujaelewa mstari mmoja, omba usomewe na uelezwe.

Katika kesi ya madai, ushahidi wa pande zote mbili huwekwa kwenye mizani. Ule ulio mzito zaidi hushinda. Katika kesi ya jinai haitoshi kuwa mzito zaidi. Ni lazima uthibitishe kosa pasipo kuacha shaka ya maana.

6. HUKUMU NA AMRI

Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha ilisikiliza, kisha ikatoa HUKUMU. Hukumu ni uamuzi wa mahakama pamoja na sababu zake. AMRI ni jambo ambalo mahakama inataka litendwe.

Mahakama ile ilikubaliana na Bernardo. Ilitazama sheria za mila zilizoandikwa na Serikali mwaka 1963. Kanuni moja ya urithi ilisema kwamba mwanamke anaweza kupewa ardhi ya ukoo aitumie, lakini hawezi kuiuza. Hivyo mahakama ikasema mauzo ni BATILI. Bibi Holaria akaamriwa amrudishie mnunuzi shilingi 300,000 zake.

Batili maana yake ni kitu kisicho na nguvu kwa sheria, kana kwamba hakikutendeka. Mauzo yakiwa batili, shamba halijauzwa. Wosia ukiwa batili, ni kana kwamba marehemu hakuacha wosia.

Tazama hali ya mama huyu siku hiyo. Ni mzee. Hana wa kumtunza. Ameambiwa arudishe fedha. Shamba ni la kwake alitumie, lakini hawezi kuliuza ili apate chakula na dawa. Angesema, "Mahakama imesema, basi yamekwisha," yangekuwa yamekwisha kweli.

Lakini lilikuwapo neno jingine.

7. RUFAA

RUFAA, au rufani, ni kuiomba mahakama ya juu itazame upya uamuzi wa mahakama ya chini. Anayekata rufaa huitwa MRUFANI. Mwenzake huitwa MJIBU RUFANI.

Kukata rufaa si kumtukana hakimu. Ni haki yako kwa sheria. Wala si kuanza kesi upya. Mahakama ya juu kwa kawaida haisikilizi tena mashahidi. Inasoma kumbukumbu za kesi, kisha inaangalia SABABU ZA RUFAA. Sababu za rufaa ni maelezo ya mahali ambapo unaona mahakama ya chini ilikosea. Kusema "sikuridhika" peke yake hakutoshi. Sema ilikosea wapi.

Ngazi za mahakama ni kama ngazi za kupandia mti. Chini kabisa ni Mahakama ya Mwanzo. Juu yake ni Mahakama ya Wilaya. Juu ya hiyo ni Mahakama Kuu. Kileleni ni Mahakama ya Rufani ya Tanzania.

Bibi Holaria alipanda ngazi. Mahakama ya Wilaya ya Muleba ilitengua hukumu ya Kashasha. KUTENGUA hukumu ni kuiondolea nguvu. Hakimu wa wilaya alitazama Katiba. Haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba ya nchi yetu mwaka 1984, na tangu mwezi Machi 1988 watu waliweza kuzidai mahakamani. Katiba inakataza ubaguzi. Shamba hili liliuzwa Agosti mwaka ule ule wa 1988.

Sasa Bernardo ndiye hakuridhika. Naye akakata rufaa hadi Mahakama Kuu, iliyokaa Mwanza. Umeona jinsi majina yanavyobadilika? Kule Kashasha Bernardo aliitwa mdai. Kule Mwanza aliitwa mrufani, na Bibi Holaria akaitwa mjibu rufani. Watu ni wale wale, na shamba ni lile lile. Ukisoma karatasi ya mahakama, tazama kwanza wewe umeitwa nani safari hii.

Sasa tuzungumze juu ya siku. Hili ndilo jambo la kulishika kuliko yote:

Kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda Mahakama ya Wilaya, rufaa ikatwe ndani ya siku 30.
Kutoka Mahakama ya Wilaya kwenda Mahakama Kuu, kwa shauri lililoanzia Mahakama ya Mwanzo, ni siku 30 pia.

Siku huhesabiwa tangu hukumu ilipotolewa. Kwa hiyo siku ya hukumu, kabla ya kwenda nyumbani, omba NAKALA YA HUKUMU. Nakala ni karatasi yenye maneno yote ya hukumu. Omba kwa barua, na ubaki na nakala ya barua yako yenye mhuri wa mahakama. Ukichelewa kwa sababu ya kweli, unaweza kuomba muda uongezwe, lakini si lazima ukubaliwe.

8. ULIYOAMULIWA MWANZA

Tarehe 22 Februari 1990, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu alitoa hukumu. Alisema kwamba ile kanuni ya kumzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo, hali mwanaume anaweza kuuza, ni ubaguzi. Inapingana na Katiba. Tangu siku hiyo, alisema, mwanamke na mwanaume wawe na haki sawa katika kurithi na kuuza ardhi ya ukoo.

Rufaa ya Bernardo ikatupwa PAMOJA NA GHARAMA. Rufaa kutupwa ni kukataliwa. Gharama ni fedha alizotumia mshindi katika kesi, ambazo aliyeshindwa ataamriwa kuzilipa. Kwa hiyo kabla ya kufungua kesi au kukata rufaa, fikiri: nikishindwa, nitaweza gharama?

Je, jaji aliusahau ukoo? Hapana. Kwa mila ya Kihaya, mwanaume akiuza ardhi ya ukoo kwa mtu wa nje bila ukoo kukubali, watu wa ukoo wanaweza KUIKOMBOA. Kukomboa ni kumrudishia mnunuzi bei aliyotoa, na ardhi ikarudi kwenye ukoo. Jaji alisema mila hiyo ya kukomboa itumike sawasawa, awe ameuza mwanaume au mwanamke. Bernardo alipewa miezi sita amlipe mnunuzi shilingi 300,000 na kulikomboa shamba. Asipoweza, shamba litakuwa mali ya mnunuzi.

Fikiri juu ya hukumu hii. Mama mzee amebaki na fedha za kumtunza. Ukoo umepewa nafasi ya kulirudisha shamba lake. Mnunuzi atapata shamba au fedha yake. Mila haikung'olewa yote. Limekatwa lile tawi linalobagua.

Kesi hii ilijulikana sana, Tanzania na nje ya Tanzania. Wanasheria huisoma hadi leo kwa majina ya wale wawili, Ephrahim na Pastory. Baadaye, mwaka 1999, Bunge lilitunga sheria mbili za ardhi. Sheria ya Ardhi inasema mwanamke ana haki sawa na mwanaume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji inasema kwamba mila inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu haki ya ardhi haina nguvu.

9. WOSIA NA MIRATHI

Rudi mwanzo wa habari yetu. Kwa nini Bibi Holaria alikuwa na shamba? Kwa sababu baba yake alimwachia wosia. Bila wosia ule, pengine asingekuwa na la kusema.

WOSIA ni maneno ya mtu, akiwa hai na mwenye akili timamu, ya kusema mali yake igawanywe vipi akifa. Zile sheria za mila za mwaka 1963 zinaeleza wosia wa maandishi ushuhudiwe na watu wangapi. Sikiliza vizuri, ewe mwanakisomo. Kama mwenye kuusia anajua kusoma na kuandika, mashahidi wasipungue wawili. Kama hajui, wasipungue wanne. Na mashahidi wenyewe wawe wanajua kusoma na kuandika.

Unaona faida ya kisomo? Aliyesoma anahitaji nusu ya mashahidi. Zaidi ya hayo, wewe sasa unaweza kuitwa uwe shahidi wa wosia wa jirani yako.

MIRATHI ni mali aliyoiacha marehemu, na pia ni shughuli ya kuigawa. MRITHI ni mtu anayepata sehemu ya mali hiyo. MSIMAMIZI WA MIRATHI ni mtu aliyeteuliwa na mahakama kukusanya mali ya marehemu, kulipa madeni yake na kuwagawia warithi.

Hapa pana kosa ambalo limeleta machozi mengi. Ukoo unakaa, unamchagua baba mdogo. Anapelekwa Mahakama ya Mwanzo, anapewa barua ya usimamizi. Akirudi nyumbani anasema, "Mahakama imenipa mali." Sivyo! Amepewa kazi, hakupewa mali. Msimamizi ni kama mtu aliyeshikishwa sahani awapakulie watoto. Akila yeye chakula chote, ameiba.

Msimamizi aliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo hutakiwa kupeleka mahakamani orodha ya mali na hesabu yake ndani ya miezi minne, isipokuwa mahakama imemwongezea muda. Mjane au mtoto akiona miezi inapita bila hesabu, aende kwenye mahakama iliyomteua. Aombe msimamizi aitwe aeleze. Mahakama inaweza hata kumwondoa na kumweka mwingine.

10. UGOMVI WA ARDHI SIKU HIZI

Mwaka 1988 Bernardo alifungua shauri la shamba katika Mahakama ya Mwanzo. Leo ugomvi wa ardhi haufunguliwi hapo. Sheria ya mwaka 2002 iliweka vyombo maalumu.

Kijijini kuna Baraza la Ardhi la Kijiji. Lina wajumbe saba, na watatu kati yao ni wanawake. Kazi yake ni USULUHISHI, yaani kuwapatanisha wagomvi. Halifungi mtu wala halitozi faini.

Katika kata kuna Baraza la Kata. Tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2021, baraza hili nalo linasuluhisha tu. Halitoi tena hukumu ya ardhi. Anayeishi mjini, kama wewe wa kata ya Rwamishenye katika Manispaa ya Bukoba, huanzia hapo. Mkishindwa kupatana, baraza litawapa karatasi ya kuonyesha hivyo. Siku 30 zikipita bila suluhu, unaweza kuendelea mbele.

Mbele ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Hili linasikiliza ushahidi na kuamua. Asiyeridhika hukata rufaa Mahakama Kuu ndani ya siku 45. Siku hizi Mahakama Kuu ina kanda yake Bukoba, kwa hiyo rufaa yako haivuki tena ziwa kwenda Mwanza.

11. UKIMWENDEA WAKILI

WAKILI ni mwanasheria aliyeruhusiwa kumsemea mtu mahakamani. MSAIDIZI WA KISHERIA ni mtu aliyefunzwa kuwaelekeza wananchi katika mambo ya sheria. Yeye si wakili. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inamtambua, na inasema asiye na uwezo apate msaada bila malipo. Ofisi ya kata au afisa ustawi wa jamii ataweza kukuelekeza aliko.

Ukienda, usiogope kuuliza. Wakili anapenda maneno yake kama fundi anavyopenda zana zake, lakini anafanya kazi yako. Akisema neno usilolijua, msimamishe. Uliza maswali haya, na uandike majibu:

Katika karatasi hii, mimi naitwa nani?
Nitakiwa nifanye nini, na kabla ya tarehe gani?
Nikishinda nitapata nini? Nikishindwa nitalipa nini?
Shauri likiondolewa, naweza kulileta tena?
Ada yako ni kiasi gani, na utanipa stakabadhi?

Kisha mrudishie maneno yake kwa Kiswahili chako cha nyumbani: "Kwa hiyo unasema kwamba..." Kama umekosea, atakusahihisha hapo hapo. Ni afadhali kusahihishwa ofisini kuliko kushindwa mahakamani.

Bibi Holaria alisimama mbele ya mahakama tatu. Alianza kwa kushindwa, akamaliza kwa kushinda, kwa sababu hukumu ya kwanza haikuwa mwisho wa njia. Na wewe, karatasi ya mahakama ikija, usiifiche chini ya godoro. Ifungue. Isome. Tafuta tarehe. Hesabu siku.

MANENO YA KUANDIKA KATIKA DAFTARI

Mdai: anayepeleka shauri la madai.
Mdaiwa: anayeshtakiwa katika shauri la madai.
Mshtakiwa: anayeshtakiwa kwa kosa la jinai.
Wito: karatasi ya kumwita mtu mahakamani.
Batili: isiyo na nguvu kwa sheria.
Rufaa: kuomba mahakama ya juu itazame upya uamuzi.
Kutengua: kuiondolea hukumu nguvu.
Kukomboa: kurudisha ardhi ya ukoo kwa kumlipa mnunuzi bei yake.
Msimamizi wa mirathi: mwenye kazi ya kukusanya na kugawa mali ya marehemu.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kule Kashasha Bernardo aliitwa nani? Kule Mwanza aliitwa nani? Kwa nini jina lilibadilika?
2. Jirani yako amekataa kutia sahihi katika wito. Utamwambia nini?
3. Hukumu ya Mahakama ya Mwanzo imetolewa tarehe 3 Juni. Mwisho wa kukata rufaa ni lini? Hesabuni pamoja kwa kutumia kalenda.
4. Je, msimamizi wa mirathi anaweza kuuza kibanja cha marehemu na kula fedha peke yake? Eleza.
5. Jaji aliacha mila ya kukomboa, akakataa mila ya kumbagua mwanamke. Ninyi mnaonaje? Wanawake waseme kwanza, kisha wanaume.

ZOEZI LA KUANDIKA

Andika barua fupi kwa mahakama kuomba nakala ya hukumu. Usisahau jina lako, namba ya shauri, tarehe ya hukumu na sahihi yako. Badilishaneni barua na mwenzako, kila mmoja asome ya mwenziwe kwa sauti.